Skrini Inapepesa Chumbani kwa Kipanga

Jumanne, 4 Machi

Mama Kipanga kasema skrini inapepesa. Ndiyo sentensi ndefu kuliko zote leo humu ndani. Nilikuwa navua viatu. Ile mashine ya mtoto, akasema, skrini inapepesa, iangalie. Nikasema haya.

Sikujua kama huwa anaiwasha. Nilidhani anaingia mle chumbani kufuta vumbi.

Ni kompyuta ya michezo. Kipanga, mwanetu, aliiunda mwenyewe, kipande kwa kipande. Boksi lina ubavu wa kioo, na ndani mafeni yanawaka rangi kama duka la taa. Mwezi wa kumi na moja aliondoka akaiacha. Akaacha na kiti chake kazini, kwenye mashine ya pili ya kusagia lenzi, ubavuni kwangu. Jumatatu moja hakutoka chumbani, nikasema kachoka, wacha alale. Mchana ukaja ujumbe: Niko salama, msinitafute. Basi. Simu hapokei.

Watu wanauliza, mligombana nini? Hatukugombana! Tungegombana ningekuwa na pa kushika. Jumapili ile alinikata kucha za mguu kwa sababu mgongo ulikuwa unaniuma. Huo ndio ugomvi.

Skrini sijaiangalia. Nimekula mkate na supu. Nimekaa kwenye kochi mpaka kochi likapata joto.

Jumatano, 5 Machi

Kazini, lenzi. Maji yanatiririka, jiwe linasaga, kioo cha mtu asiyeona mbali kinakuwa duara, kisha kinakuwa umbo la fremu. Mikono inajua njia. Mimi huwa sipo.

Mwenye duka kaja kuniuliza, amtafute mtu wa mashine ya pili? Kaongea kwa upole, kama anayeulizia nguo za marehemu. Nikamwambia mtafute tu. Akanitazama. Alitaka niseme kitu kingine, sijui kipi.

Jioni nikaingia mle chumbani. Kitanda kimetandikwa. Nikawasha mashine. Skrini imetulia tuli, kama maji ya ndoo. Nikamwita Mama Kipanga, mbona haipepesi?

— Hivyo haifanyi. Mpaka uifungulie mchezo.

Akakaa kwenye kile kiti kikubwa cha Kipanga, miguu haigusi chini. Akavaa hedfoni. Akashika usukani — kuna usukani wa plastiki umefungwa mezani! Na pedali chini! Barabara ikatokea, na lori la magurudumu kumi na nane, na mke wangu ndani yake. Mwanamke huyu hajawahi kuendesha hata baiskeli. Tukipanda teksi hukaa nyuma amefumba macho. Akarudisha trela nyuma, akalipanga kwenye ghala taratibu, akatoa ulimi pembeni kama anatunga sindano.

Nikasema, umejifunza wapi? Akasema, mtu akikaa hujifunza.

Kisha skrini ikapepesa. Ilizima kidogo, ikarudi, ikazima, ikarudi. Kama jicho lililoingiwa na mchanga.

Nimebadilisha soketi. Nimechomoa kebo ya picha nikairudisha, nikaikaza. Inapepesa vilevile. Nikaenda kulala.

Ijumaa, 7 Machi

Nimempitia fundi wa kompyuta, pale kona ya pili. Wote wanamwita Dokta kwa sababu huvaa koti jeupe, na kwa sababu mgonjwa wake asipopona husema mlichelewa kumleta. Nikamweleza. Akaniuliza maswali ya kidaktari kweli: inapepesa wakati wote, au ikifanya kazi nzito tu? Ile menyu ya skrini yenyewe, inayotoka ukibonyeza kitufe cha chini, nayo inapepesa? Kama menyu inapepesa mgonjwa ni skrini. Kama menyu imetulia na picha ya nyuma yake inapepesa, mgonjwa yuko ndani ya boksi, au kwenye kebo.

Nikarudi nikabonyeza. Menyu imetulia. Nyuma yake lori linazima na kuwaka.

Dokta akaja mwenyewe jioni, akitokea kazini kwake. Akakaa, akabofyabofya, akatangaza:

— Mama, tatizo hapa ni draiva.

Mama Kipanga akasimama mlangoni, mikono kiunoni.

— Draiva ni mimi.

— Draiva, mama, yaani ile programu ya…

— Nakwambia draiva ni mimi! Na sijagonga tangu mwezi wa pili uanze!

Dokta akacheka mpaka akavua miwani akajifuta. Mimi nikaona kwamba hapa ndipo watu hucheka. Nikatoa sauti.

Akafuta draiva ya zamani, akaweka mpya. Akapunguza kasi ya skrini, zile mara inazojichora upya kwa sekunde. Akasema ikirudi, jaribuni kebo nyingine, fupi, nzuri. Akakataa chai. Mlangoni akaniuliza kwa chini, yule kijana mmepata habari zake? Nikasema yuko salama. Akasema Mungu ni mwema. Kweli.

Imekaa nusu saa bila kupepesa. Kisha ikapepesa.

Jumamosi, 8 Machi

Nimenunua kebo fupi, nzuri. Nilifika nyumbani mapema kuliko nilivyoaga, kwa sababu duka lilikuwa karibu kuliko nilivyodhani. Mlango wa chumba umerudishwa. Ndani, mke wangu anacheka.

Nilisimama kwenye korido na kebo mkononi. Kicheko kile sijakisikia muda. Nikajaribu kukumbuka lini, nikaacha.

Akasema: Punguza mwendo baba, kona hiyo. Akasikiliza. Akasema: Umekula lakini? Usinidanganye. Akasikiliza tena. Akasema: Hayo siyo maisha, mwanangu, biskuti siyo chakula.

Mwanangu.

Nilitegemea moyo uruke. Watu husema moyo huruka. Wangu ulikaa ulipokuwa, kama kiatu. Nikageuka, nikaenda jikoni, nikaosha sufuria ambayo ilikwisha kuoshwa. Alipotoka nikampa kebo. Akasema ahsante. Macho yake yalikuwa mekundu na mazuri.

Kebo mpya haikusaidia.

Jumapili, 9 Machi

Tumezungumza. Mimi nilianza. Nilikuwa namenya viazi, yeye anakata vitunguu, kwa hiyo kila mtu alikuwa na pa kutazama. Nikamuuliza ni tangu lini.

Hakujifanya hajui. Tangu mwezi wa kwanza, akasema. Aliingia kufuta vumbi, akabonyeza ile mashine kwa bahati mbaya, ikawaka. Kwenye kona ya skrini kulikuwa na orodha ya marafiki wa Kipanga wa huko mchezoni, na jina lake mwenyewe la pili, lile la zamani, likiwa na nukta ya kijani. Maana yake yupo. Yupo sasa hivi! Anatumia mashine ya mtu huko aliko. Mama Kipanga akakaa akaitazama ile nukta mpaka ikazima. Kesho yake akaitazama tena. Ikamchukua wiki kujua namna ya kujisajili. Akajiita Bibi Breki. Akamwomba urafiki, kama mtu asiyemjua.

— Alijua ni wewe?

— Kona ya kwanza tu. Kasema hakuna mtu mwingine duniani anayefunga breki barabara ikiwa imenyooka.

Na akamwekea sharti. Waendeshe tu. Habari za nyumbani hataki. Yuko mji gani asimuulize. Akiuliza, ataondoka huko nako.

Nikamaliza kiazi. Nikauliza, na mimi?

Kisu chake kikasimama. Akasema, wewe, kasema akisikia sauti yako atazima.

— Kwa nini?

— Sijamuuliza. Nitamuulizaje, Baba Kipanga? Nina uzi mmoja tu mkononi. Niuvute unikatikie?

Nikasema umefanya vizuri. Na ni kweli, amefanya vizuri. Vitunguu vilikuwa vikali. Tukala.

Jumatatu, 10 Machi

Kazi. Mvua. Nimevunja lenzi ya mteja. Sijawahi.

Jumanne, 11 Machi

Hakuna.

Jumatano, 12 Machi

Tatizo liko hivi: tangu Dokta aiguse, skrini haipepesi mpaka mchezo upambe moto. Mchezo haupambi moto mpaka wawe njiani wawili, misafara, mvua ya humo ndani, magari mengi. Kwa hiyo lazima nitazame wakati Kipanga yupo. Mama Kipanga alifikiria siku nzima. Jioni akasema, ingia, lakini ukae chini, usikohoe. Akachomoa hedfoni, maikrofoni akaiacha mezani, akaweka sauti itoke kwenye spika ndogo. Hakusema kwa nini. Nikaona.

Nikaingia chini ya meza ya mwanangu kwa magoti na viganja. Mzee mzima. Nyaya, vumbi, ganda la pipi, soksi moja. Boksi liko hapo chini, ubavu wa kioo umenikabili, mafeni yananipulizia joto usoni.

— Shikamoo mama.

Sauti ilitoka juu yangu. Imekuwa nzito. Au ni spika.

— Marahaba baba. Leo tunapeleka nini?

— Matofali. Mbele mimi, nyuma wewe. Na usinisukume kama juzi.

— Juzi ulisimama bila ishara!

Wakaenda. Nilikuwa naona miguu ya mke wangu tu, soksi zake za sufu kwenye pedali, mafuta, breki, breki, breki. Kisha Kipanga akaanza kuongea kama alivyokuwa akiongea kazini lenzi ikiwa mashineni, bila mtu kumuuliza. Anapakia maboksi kwenye ghala fulani. Msimamizi wao ana sauti kama mbuzi aliyebanwa na mlango. Mwenye nyumba wake ana kasuku anayeiga mlio wa simu, kila mtu anakimbia. Mama Kipanga akacheka. Mimi nilikaa na kifundo cha kidole mdomoni.

Kipanga akakohoa, kikohozi kikavu. Ghala lina vumbi. Kisha akasema:

— Mama, sijui hii mashine ya huku, taa za magari naziona zina miiba. Kila taa ina miiba. Hata nje, nikitoka kazini.

Mama Kipanga akasema labda uchovu.

Si uchovu. Kioo cha mbele cha jicho lake hakiko duara sawasawa, mwanga unaingia ukitawanyika. Lenzi ya namna hiyo nimesaga maelfu, na yeye kasaga. Tulimwita Kipanga kwa sababu alikuwa akiona sisimizi ukutani kutoka upande wa pili wa chumba. Nani ampime macho mtu anayeitwa Kipanga? Nilikuwa pale chini, na jibu lote likiwa kinywani. Aende apimwe, aombe lenzi ya silinda, ile ya kukusanya mwanga uliotawanyika, asikubali ya dukani iliyokwisha kutengenezwa. Nikafunga mdomo. Hewa ikatoka puani.

Na hapo skrini ikapepesa. Nilijua kwa sababu ukuta uliwaka ukazima. Nikatazama ndani ya boksi na kwa mara ya kwanza nikaona. Kadi ya picha, ile kubwa, nzito kama tofali, imening'inia kwa upande mmoja. Imeinama. Feni zake zinapokwenda mbio inatetemeka, na ikitetemeka tu, ukuta unazima. Haikukaa sawa kwenye mdomo wake, pale inapochomekwa. Uzito wake wenyewe unaivuta chini.

Nikalinyanyua boksi upande mmoja kidogo kwa kiganja. Ukuta ukatulia. Nikashusha. Ukapepesa. Nikalinyanyua tena, nikakaa hivyo, mkono chini ya boksi, mpaka wakafikisha matofali.

Alhamisi, 13 Machi

Mkono unauma.

Mama Kipanga aliniuliza asubuhi, ulimsikiaje? Nikasema nimemsikia vizuri. Akasubiri. Nikasema, anakohoa. Akasema ndiyo, anakohoa. Akanipa chai, akaniwekea na mkono begani, akausahau pale mpaka chai ikaisha.

Ijumaa, 14 Machi

Leo kazini nimekata kipande cha plastiki ngumu, makombo ya lenzi nene. Nimekisaga kikawa kijiguzo kidogo, cha kusimama ndani ya boksi na kuibeba ile kadi. Nimezungusha kingo zake, nimeking'arisha. Hakikuhitaji kung'arishwa.

Mwenye duka akapita, akauliza miwani ya nani hiyo yenye jicho moja. Nikasema ni ya kompyuta. Akasema, kuishi kwingi kuona mengi. Kisha akasema mtu wa mashine ya pili kapatikana, ataanza mwezi ujao, binti mmoja ametoka chuoni, ana heshima. Nikasema vizuri. Nikaenda nikafuta meza ya mashine ya pili. Kwenye droo kulikuwa na kalamu zake za kuwekea alama na ganda la pipi. Kalamu nimeziacha atumie binti. Ganda nimelitia mfukoni, sijui la nini.

Jumamosi, 15 Machi

Shemeji anahama nyumba. Mama Kipanga kaenda kumsaidia dada yake kufunga vyombo, kasema atarudi jioni, wataendesha jioni. Akaniambia ukifunge hicho kitu kabla sijarudi, uijaribu, lakini zima kabla ya saa kumi.

Nikazima umeme, nikafungua boksi. Nikagusa chuma kwanza, kutoa umeme wa mwilini, kama Dokta alivyosema. Nikachomoa kadi. Nikapuliza vumbi kwenye mdomo wake, nikairudisha mpaka ikalia ki! Sidhani kama iliwahi kulia hivyo. Nikaikaza parafujo. Kijiguzo nikakisimamisha chini yake. Kimeenea sawasawa, unywele haupiti.

Nikawasha. Lazima ipambe moto ndipo nijue, kwa hiyo nikafungua mchezo. Nikavaa hedfoni ili majirani wasisikie injini. Nikakaa kwenye kiti. Miguu yangu inagusa chini. Ikaandika juu: Bibi Breki yuko njiani. Nikaendesha kidogo barabara kuu. Mvua, magari, taa. Haikupepesa! Nikaongeza kasi. Haikupepesa. Nikafikiri, haya, imepona, nimalize.

— Shikamoo mama! Leo umewahi.

Nilitoa mguu kwenye mafuta. Lori likaserereka, likasimama pembeni ya barabara.

— Mama?

Saa ya ukutani ilikuwa bado kabisa. Saa kumi iko mbali! Pengine Jumamosi wanamwachia mapema, nitajuaje, mimi sijui kitu chake hata kimoja. Nikaona kale kamchoro ka maikrofoni kona ya skrini. Nikakabofya, kakawa kekundu. Nikashusha pumzi.

— Mama, sikusikii. Maikrofoni imekufa? Ile mashine kuukuu nayo! Sikia, bonyeza H, ni honi. Piga honi nijue upo.

Ningezima. Ilikuwa kubofya mara moja tu. Lakini angesema mama kakata, mama kakasirika, na jioni asingekuja. Na uzi si wangu.

Nikabonyeza H.

Akacheka. Ndiyo, kile kicheko. Akasema, haya, leo nitaongea mimi peke yangu kama redio. Lori lake likatokea nyuma yangu, jekundu, likanipita, likawasha ishara. Nifuate, akasema. Nikamfuata.

Tumekwenda nchi nzima ya humo ndani. Milima, daraja refu, msitu. Kaongea njia nzima. Kasuku kajifunza mlio wa ving'ora. Msimamizi kateleza kwenye nailoni. Kasema mama, leo breki hushiki kabisa, umekuwa dereva kweli. Nikapiga honi. Kasema nilipoona zile taa zenye miiba nimejua ni nini, mama, siyo mashine, nimesaga za hivyo sana, ila kwenda kupimwa naogopa, ni ujinga tu. Kisha ikawa mvua tu inayopiga kioo cha mbele. Mikono ilikuwa kwenye usukani wake, nikaitazama kama mikono ya mtu mwingine.

Sasa tumesimama kwenye kituo cha mafuta. Kaenda kuchemsha maji ya chai huko aliko. Kasema asogee dakika, nisizime. Naandika, daftari liko juu ya kibodi. Lori lake liko mbele yangu, ishara inawaka kushoto, inawaka, inawaka. Skrini imetulia. Nasikia kijiko kinagonga kikombe. Nasikia kasuku. Mama Kipanga hajarudi.

Kipanga amerudi. Kiti chake kinalia. Anasema, mama upo? Honi.

Anasema, nataka kukuuliza kitu na najua mimi ndiye niliyesema tusiulizane. Anakunywa. Anakohoa. Anasema, ni vizuri hata hivyo kwamba huna sauti leo, maana ukianza kueleza nitazima. Jibu kwa honi tu. Moja ndiyo, mbili hapana.

Anasema, baba ni mzima?

Kidole kiko juu ya H. Anasubiri. Anasema, mama?